Mama Soli Avaa Viatu

Kinyozi alikuwa na dawa yake ya wateja wasiotulia kitini. Akishakufunga kitambaa shingoni na kukuinamisha kichwa, anakutegea kitendawili, nawe ukianza kutafuta jibu unasahau kujitikisa. Ndivyo alivyomfanyia dereva wa lori asubuhi hiyo ya Jumamosi, mtu mwenye shingo fupi na haraka nyingi.

"Kila asubuhi nammeza mtu mzima mpaka kwenye vifundo, jioni namtapika akiwa hai."

"Matope," alisema dereva.

"Matope hayatapiki mtu. Yanakwenda naye mpaka nyumbani."

"Basi nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji gani?"

"Wowote, ila niachie ule ninakopeleka mzigo leo."

"Kiatu," ilisema sauti kutoka upande wa pili wa chumba.

Kinyozi hakugeuka. "Wewe hujaulizwa, mama watoto. Wewe kiatu hakijakumeza mwaka wa nane huu, umejuaje?"

Dereva alicheka, ikabidi mashine iinuliwe juu mpaka amalize.

Chumba kilikuwa kimoja chenye kazi mbili. Kushoto kwa mlango palikuwa na kiti cha kunyolea, rafu ya mashine na chupa za spiriti, na kioo kilichofunika ukuta mzima. Kulia palikuwa na kigoda, sanduku la vifaa, chuma chenye umbo la mguu kilichosimikwa juu ya gogo, na viatu vya watu vimepangwa ukutani jozi kwa jozi, kila jozi na karatasi yake. Kushoto kwa mume, kulia kwa mke, na katikati mstari usioonekana ambao nywele hazikuruhusiwa kuuvuka. Zilivuka kila siku, na kila siku zilisemewa.

Mke mtaa mzima ulimwita Mama Soli. Alikuwa na miaka hamsini na saba, mabega mapana, vidole vyenye gundi isiyokubali kutoka, na mazoea ya kuweka misumari midogo mdomoni anapogonga soli, kwa hiyo wateja wa asubuhi walizoea kujibiwa kwa "mm" na "m-m" tu. Kiatu alikishika katikati ya nyayo zake mbili, kama mtu aliyembana mwanambuzi asikimbie, akakitoboa kwa msharasi, ile sindano nene ya ngozi. Kiatu hakishikiki hivyo ukiwa umevaa kiatu. Ndiyo sababu kazini alikaa peku.

Na mbioni je, maana kila alfajiri alikimbia peku vilevile? Hilo lilianzia kwa karani.

Karani huyo alikuwa mtu wa mawazo mengi. Miaka minane nyuma alikuja kuchukua viatu vyake, akavitia ndani ya mfuko, akapanda baiskeli akaenda zake. Mama Soli alipotazama ukutani akakuta jozi mbili zimebaki kiatu kimoja kimoja, vyote vya mguu wa kulia. Karani kaondoka na vya kushoto viwili, kimoja chake, kimoja cha mkaguzi wa shule. Mama Soli akatema misumari, akavikamata vile vya kulia, akatoka mbio vivyo hivyo alivyo, bila kitu mguuni.

Alipita duka la vioo, akapita kona, na baiskeli bado iko mbele. Mwanzo ilikuwa taabu tupu. Kifua kiliwaka, ubavu ulichoma, nyayo zilimtajia kila kokoto. Akapita tangi la maji la mtaa. Baada ya tangi, barabara ilipoanza kuelekea machimbo ya mawe, pakatokea kitu. Taabu haikuondoka, ila ilisogea pembeni, kama watu wanaompisha mwenzao mlangoni, na hapo katikati ukaingia wepesi, na wepesi ukageuka furaha isiyo na sababu hata moja. Barabara ikawa nzuri. Vumbi likawa zuri. Hata mgongo wa karani ukawa mzuri. Alimkuta chini ya kilima ameshuka anaisukuma baiskeli, naye Mama Soli alikuwa anacheka na hawezi kusema kilichomleta. Alinyoosha viatu tu. Karani alichukua chake kwa tahadhari, akarudisha cha mkaguzi, na tangu siku hiyo viatu vyake vililetwa na mkewe.

Kesho yake Mama Soli alikwenda tena, safari hii bila kumfukuza mtu.

Mumewe aliuliza ni kitu gani kinachomtoa kitandani kabla ya jua. Akamjibu kwa lugha anayoipenda mwenyewe.

"Nina mgeni. Nikimwita haji, nikimngojea haji. Nikishachoka hoi na nimemsahau, huyu hapa."

"Usingizi."

"Ungekuwa usingizi ningelala. Huyu anakuja nikiwa mbioni."

"Basi ni kizunguzungu," alisema kinyozi, "na dawa yake ni kukaa."

Hakukaa. Miaka ikaenda, nyayo zikaota sugu, na majirani waliokuwa wakimtazama kwa mshangao wakaanza kumtumia kama saa: Mama Soli kashapita, amka upashe chai moto. Na kadiri miaka ilivyokwenda, ile raha ikawa inamjia mapema. Kwanza ilimngojea baada ya tangi la maji. Baadaye ikawa kwenye tangi lenyewe. Mwaka uliopita ilikuwa nusu ya njia kufika tangini, na miezi hii ya karibuni ilikuwa pale kwenye kona, hata jasho halijatoka. Anakunja kona, na nyayo zinanyamaza, na anaelea.

Alijisifu kimoyomoyo. Alizitazama nyayo zake kwa jicho la kazi yake: ngozi mbichi inalia kwa kila tundu, lakini ngozi iliyotiwa dawa ikakaushwa na kupigwa vya kutosha hukaa kimya hata ukiitembeza juu ya nini. Nyayo zangu zimeiva, aliwaza. Zimekuwa soli za kwanza sokoni. Ni kosa ambalo mwashi asingelifanya wala mpishi. Mpishi angeunguza mguu akaja juu. Fundi viatu ndiye anayeweza kuutazama mguu wake mwenyewe usiohisi kitu akausifu kwa ubora wa ngozi.

Sasa turudi kwenye kile kiti. Kinyozi alikuwa amebakiza nusu ya kichwa cha dereva alipoinua macho kwenye kioo kuangalia mashine ilikopita. Kioo kilionyesha chumba chote, na ndani yake alimwona mkewe amenyoosha mguu mmoja juu ya sanduku la vifaa kulipumzisha goti, unyayo umemwelekea yeye.

"Mama watoto," alisema polepole, "huo mguu usiushushe."

"M-m?"

"Kuna kitu kinang'aa hapo chini."

Mama Soli alitema misumari kiganjani, akaupandisha mguu juu ya paja, akatazama. Chini kidogo ya kidole gumba palikuwa na kichwa cha msumari, kimelala sawasawa na ngozi, hakikutokeza wala hakikuzama, vile vile anavyoigonga yeye kwenye soli za watu.

Dereva akainuka na kitambaa chake shingoni kuja kushuhudia. "Huo," alisema, "umegongwa na fundi anayejua kazi."

Hakuna aliyecheka. Mama Soli akachukua koleo akauvuta. Ulitoka bila ubishi, mfupi, wa njano, na nyuma yake kikafuata kitu cheupe chenye harufu. Akausogeza kwenye mwanga wa mlango. Aliujua. Misumari ya njano aliitumia Alhamisi tu, kwa viatu vya mwalimu wa kwaya vilivyotaka visigino vipya, na pakiti iliisha siku ile ile.

"Nimekimbia nao jana," alisema. "Na leo."

"Hukuusikia?"

"Ningeusikia ningekimbia nao?"

Kinyozi akaiweka mashine kwenye rafu, akavua koti lake jeupe. Dereva wa lori alikwenda kupeleka mzigo siku ile na nusu ya nywele zake, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, na kwa sifa yake niseme kwamba hakurudi kulalamika.

Nesi wa zahanati alikuwa binti mdogo mwenye vidole vya baridi na tabia ya kupoteza miwani. Alisafisha jeraha, akamtoboa Mama Soli ncha ya kidole cha mkono, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Akaitazama namba, akamtazama mwenye damu, akapima tena.

"Mama, usiku unaamka kwenda haja ndogo?"

"Mtu wa umri wangu asiyeamka ni nani?"

"Maji je, unakunywa sana?"

"Nakimbia, mwanangu. Nisinywe?"

"Na macho?"

"Macho yanaona. Uzi tu siku hizi umekuwa mkaidi kuingia sindanoni."

Kila swali lilikuwa na jibu lake zuri, na nesi akayaandika yote. Kisha akatoa kijiti chenye uzi mfupi wa plastiki kama wa kuvulia samaki. "Fumba macho, mama. Nitakugusa nyayo kwa huu uzi. Kila ukihisi, sema ndiyo."

Mama Soli akafumba. Shule yake iliishia darasa la saba, lakini katika darasa hilo la saba alitoka wa pili, na hakukusudia kushindwa na uzi.

"Ndiyo," alisema. Baada ya kitambo, "Ndiyo." Akasikilizia tena. "Ndiyo."

"Mama."

"Naam."

"Bado sijaanza. Natafuta miwani."

Ilipopatikana wakaanza kweli. Mguu wa kulia, katika mara kumi, alihisi mara mbili. Wa kushoto, ule wa msumari, alihisi mara moja, na hiyo moja hakuiapia. Mumewe alikuwa amesimama karibu na mlango wa chumba, na baadaye alimsimulia jinsi alivyouona ule uzi ukipinda juu ya unyayo, ukipinda na kupinda, naye mkewe amekaa kidevu juu, macho yamefumbwa, anangoja kwa adabu aanze kuguswa.

"Ni kisukari, mama," alisema nesi. "Na hakikuja jana. Kimekaa miaka mwilini kinaunguza mishipa ya fahamu. Nyayo zako hazijakomaa. Zimekufa ganzi."

"Mbio zimeniletea?"

"Mbio zimekusaidia. Bila hizo ungeletwa hapa zamani, tena umebebwa. Kukimbia sikukatazi. Peku ndiyo nakukataza. Siyo barabarani, siyo uani, siyo hata kutoka kitandani kwenda chooni. Jeraha lipone kwanza, wiki saba, huku unameza dawa na kupunguza vitamu. Baada ya hapo viatu, na mguu ukaguliwe asubuhi na jioni. Ukinifanyia ujanja, hospitali kubwa watakukata hapa." Akaonyesha kwa mkono, juu kidogo ya kifundo.

Mama Soli akapaangalia pale mkono wa nesi ulipoonyesha, kama fundi anayeonyeshwa pa kukata.

"Nikuulize kitu kisicho cha dawa," alisema.

"Uliza, mama."

Akamweleza habari ya raha, akatafuta maneno, akayaokota, akayaacha. Jinsi inavyokuja. Jinsi ilivyokuwa ikisogea karibu, mpaka ikafika kwenye kona. "Sasa ile raha," alisema, "ilikuwa yangu, au ilikuwa ya sukari?"

Nesi alivua miwani akaiweka mezani, pale ambapo angeitafuta tena. "Sijui, mama. Hilo hatukufundishwa. Sisi tulifundishwa maumivu."

Wiki zikaanza. Mama Soli alimeza vidonge vyake, akanywa chai isiyo na sukari kwa uso wa mtu anayekunywa maji ya kuoshea vyombo, akavaa ndala hata akiwa kazini, na kiatu cha mteja akakibana magotini badala ya nyayoni, jambo lililomharibia mishono ya siku tatu za kwanza. Asubuhi na jioni kinyozi alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akauinua mguu wake, akaupitishia chini kile kioo cha mkononi anachowaonyeshea watu visogo vyao.

"Umeridhika, bosi?" aliuliza kila mara, kwa sauti ile ile anayowauliza wateja.

"Punguza kidogo pembeni," alijibu.

Walicheka, lakini kicheko hakikumfikia Mama Soli ndani. Jeraha lilikuwa linafunga, nalo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni ile hesabu ya kona. Kama nyayo zilinyamaza kwa sababu zinakufa, basi ule wepesi wa kwenye kona ulikuwa nini? Na kama wa kwenye kona ulikuwa ugonjwa, wa kwenye tangi je? Akairudia miaka minane asubuhi kwa asubuhi, kama mtu aliyeambiwa kwamba mmoja wa rafiki zake ni mwizi, halafu asiambiwe ni yupi. Katika maisha yake alikuwa na watoto wazuri, mume mcheshi, kazi anayoiweza, na hicho kitu kimoja ambacho hakupewa na mtu. Sasa hakujua hata kama aliwahi kuwa nacho.

Wiki ya nne aliamka kabla ya jua. Jeraha lilikuwa limebaki kijitundu cha ukubwa wa punje ya mtama. Alijiambia atakwenda mpaka kwenye kona tu, peku, mara moja, ajue. Akaziacha ndala chini ya kitanda, akanyata kutoka chumba chao cha nyuma mpaka kwenye chumba cha kazi, akasukuma mlango wa mbele. Haukufunguka.

"Nimefunga," alisema mumewe. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kunyolea, amempa mgongo, anamtazama kupitia kioo.

"Na ufunguo?"

"Uko kwenye mfuko wa koti."

"Na koti liko wapi?"

"Nimelivaa."

Mama Soli akabaki amesimama, mkono kwenye komeo. Nje mtu alikuwa anafagia, wa kwanza wa siku.

"Naenda kwenye kona tu, baba watoto. Siyo safari."

"Kona ina vioo. Duka lile linavunja vioo kila siku, na vumbi lake linafagiliwa barabarani. Umekanyaga hapo miaka minane."

"Nataka kujua."

"Kujua nini?"

"Kama ilikuwa kweli."

Kinyozi akakizungusha kiti wakatazamana. Hakuwa mtu wa kukimbia. Alisema mwenyewe kwamba mara ya mwisho kukimbia alikuwa anafukuzwa na bata. "Mimi sijui raha yako," alisema. "Nilikuwa naiona tu ikirudi nawe. Unaingia mlangoni umekunjua uso, unanisalimia kama tumeonana kwa bahati. Sasa hebu niambie, ukienda ukaikuta kwenye kona, utajua nini? Si utakuwa umeikuta kwa nyayo zile zile zilizokufa? Ukitaka kuipima, ipime mahali ambapo ganzi haiwezi kuisaidia."

Mama Soli alikaa chini pale pale mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao mumewe kumshinda kwa hoja, na alihitaji muda.

"Rudi ukavae ndala," alisema kinyozi. "Sakafu hiyo ina misumari yako."

Siku ile ile Mama Soli alianza kujitengenezea viatu.

Alikuwa hajawahi. Viatu vyote alivyovijua vilimjia vikiwa wagonjwa, na yeye akawa daktari. Kuzalisha hakuwahi hata kimoja. Aliweka karatasi sakafuni, akasimama juu yake, na mumewe akapiga magoti kumchora nyayo kwa kalamu.

"Unanitekenya," alisema Mama Soli.

Kinyozi akainua kichwa haraka.

"Nimekutania," alisema. "Endelea."

Viatu vyote vilivyopita mikononi mwake alivijua kwa dhambi zao: huyu anabana vidole, huyu ana mshono unaotafuna kisigino, yule msumari wake unapanda juu baada ya mwaka. Akatengeneza kisichofanya hata moja ya hayo. Mbele akaacha upana vidole vikae kama familia mezani. Ndani akaweka ngozi laini ya kipande kimoja, mishono yote akaitoa nje. Soli akaibandika kwa gundi na kuishona kwa uzi, msumari hata mmoja hakuugusa. Miguu isingeweza kumwambia kama pana kasoro, kwa hiyo aliuliza mkono: aliingiza vidole ndani ya kiatu mara ishirini kwa siku, macho yamefumbwa, akipapasa kila upande. Mikono ilikuwa bado inasema kweli. Alivunja mara mbili akaanza upya. Vilipokamilika vilikuwa vipana, vya kahawia, na sura mbaya.

"Vinafanana na mikate," alisema kinyozi.

"Mikate haitoi malengelenge."

Nesi alivikagua, akaingiza mkono wake mwenyewe, akasema sawa. Lakini akaongeza sharti: kwa miezi mitatu ya kwanza, kila dakika ishirini asimame, akae, avue, atazame mguu chini na juu. Akiona wekundu, mbio zimekwisha siku hiyo. Alegeze kamba, arudi kwa kutembea, taratibu. "Hata kama hupati maumivu," alisema. "Hasa kama hupati maumivu."

Wiki saba zilipotimia na jeraha likafunga, siku ya kwanza alikimbia mpaka kwenye kona na kurudi. Hakuna kitu. Viatu vilipiga kelele kama mtu anayetwanga, na barabara aliyoizoea kwa nyayo ilikuwa imewekwa mbali, kama kitu ndani ya kabati la kioo. Siku ya pili hivyo hivyo. Kwenye kona palikuwa kona tu. Wiki ya kwanza ikaisha, ikaingia ya pili, alifika tangini, akakaa juu ya jiwe, akavua, akatazama, akavaa, akarudi nyumbani amechoka uchovu wa kawaida kama wa mtu aliyebeba maji.

"Imekuja?" aliuliza mumewe kila asubuhi.

"M-m," alijibu, na mdomoni hakukuwa na msumari.

Siku ya kumi na mbili alimwambia, "Basi, ilikuwa ya sukari." Akasema kama mtu anayesema mvua haitanyesha leo, kisha akachukua kiatu cha mtu akaanza kukifumua. Kinyozi alinyoa vichwa vitatu siku hiyo bila kutega kitendawili hata kimoja.

Hata hivyo alikwenda tena, kwa kuwa nesi alikuwa amesema mbio zinasaidia, na vidonge navyo hakuvimeza kwa utamu wake. Ilikuwa siku ya kumi na nne au ya kumi na tano. Alikagua miguu tangini, ikawa safi, akaamua kuendelea kidogo kuelekea machimbo, kwa sababu tu hakutaka kufika nyumbani mapema. Barabara ilipanda. Goti la kulia likaanza kulalamika. Kifua kikawaka kama siku ya karani, mate yakawa mazito, ubavu ukashika. Alikuwa anawaza ndala ya mama mmoja iliyokatika ukanda, kama aushone au aubandike, na akaamua kuushona, na alipokuwa anachagua rangi ya uzi, ikaja.

Haikuingia kwa kelele. Taabu ikasogea pembeni. Goti lilikuwa lile lile, aliliangalia, linauma. Kifua, kinawaka. Ubavu, bado. Alizipitia zote moja moja kama fundi anayekagua jozi kabla ya kumpa mwenyewe, na zote zilikuwa hai na zinasema, na katikati yao palikuwa na ile nafasi, ule wepesi, ile furaha isiyo na sababu. Nyayo hazikuwa na sehemu katika shauri hili. Zilikuwa ndani ya mikate yao, hazijui lolote.

Yangu, aliwaza Mama Soli. Akacheka kwa sauti, na mfanyakazi mmoja wa machimbo akainua nyundo yake kumsalimia. Barabara iliendelea mbele, ikapinda, na mpindo ule wa barabara hakuwahi kuufikia katika miaka yote minane. Angeweza kufika. Alijua kabisa kwamba angeweza kufika na kupita.

Saa mkononi ikamwonyesha dakika ishirini tangu alipoondoka tangini.

Kwa hatua kumi hivi alijifanya hakuiona. Ni vizuri niseme, maana yeye mwenyewe hukiri. Akahesabu mpaka kumi na moja, akapunguza, akasimama, akakaa kwenye ukingo wa mtaro. Akazifungua kamba. Mguu wa kulia, safi. Wa kushoto, ubavuni mwa kidole cha mwisho, palikuwa na duara jekundu, dogo kama punje ya dengu. Akalibonyeza. Hakuhisi kitu. Akalibonyeza tena, akaliangalia lilivyogeuka jeupe na kurudi jekundu.

Ile raha ilikuwa bado iko, imejaa mpaka kooni, na barabara ilikuwa wazi. Mama Soli akavaa soksi, akakunjua mkunjo wake, akaingiza mkono ndani ya kiatu akapapasa, akakivaa, akalegeza kamba mpaka ikalegea kabisa. Akageuka. Akatembea polepole kwenda nyumbani, kilomita nne na kitu, jua limeshapanda, watu wanafungua maduka na kumwuliza leo vipi, mbona unatembea, na yeye anawaitikia wote kwa uchangamfu usiolingana na saa ile.

Kinyozi alikuwa na mteja kitini. Alimtazama mkewe kwenye kioo akiingia, akaacha mashine ikinguruma hewani.

"Imekuja," alisema. Hakuuliza.

"Imekuja."

"Mbona umechelewa? Ulienda nayo mbali?"

"Niliiacha machimboni. Mguu una wekundu." Akakaa kwenye kigoda, akavaa ndala, akakipindua kiatu cha kushoto juu ya chuma chake. Aliingiza vidole, akafumba macho, akapapasa pale ubavuni. Alilipata: ukingo wa ngozi mahali ambapo hakuuparua vizuri, unene wa uzi mmoja. Akachukua kisu.

"Kesho utakwenda tena?" aliuliza mteja, ambaye hakujua lolote ila alipenda kuzungumza.

"Kesho mguu unapumzika, na kiatu nacho," alisema Mama Soli, akaanza kufumua. "Keshokutwa. Wekundu ukiondoka na gundi ikikauka."